Safu Zote za Mama

Viatu vya mtumba haviji vyote vikiwa jozi. Vingine vimefungwa kamba kwa kamba, vingine vimeachana huko huko baharini, na ukifungua belo unakuta mguu wa kushoto unakutazama kama mjane. Kwa hiyo nilikuwa nahesabu mara mbili: mara ya kwanza miguu, mara ya pili jozi. Hesabu mbili zikipatana, natandika turubai na kuanza biashara. Zisipopatana, nakaa chini natafuta. Wenzangu pale soko la Majengo walinicheka, wakisema huyu hata akizaa pacha atawahesabu mara mbili. Nikawajibu kwamba pacha ndio wa kuhesabiwa mara mbili kuliko wote, na kwamba mimi tatizo langu halikuwa la hesabu.

Sikuzaa. Mume niliyekuwa naye alisubiri kwa adabu kiasi cha uwezo wake, kisha akaenda kutafuta watoto kwingine, na akawapata. Sina kinyongo. Aliniachia kitanda, jiko la mchina na nafasi yangu sokoni, na kwa miaka ile ya ruksa nafasi sokoni ilikuwa mali kuliko mume. Kila mtu alikuwa anauza. Waliopunguzwa serikalini walikuwa wanauza, walimu walikuwa wanauza, na wake wa waliopunguzwa walikuwa wanauza kabla hata barua haijafika. Maduka yalijaa vitu, sisi tukabaki na kazi ya kuviangalia.

Mtoto nilimpata kwa dada yangu. Dada aliolewa Kondoa na dereva wa malori, akabadili dini, akatulia huko. Yule dereva akatangulia, na dada akamfuata kabla hatujamaliza kuzungumza habari za mirathi ya mumewe. Ni yale maradhi ambayo misibani yalikuwa yanaitwa kifua. Tulimzika Kondoa kwa taratibu za huko, upepo unavuma, na mimi nikarudi Dodoma kwa basi nikiwa nimempakata binti yake amelala, amevaa gauni la mtoto mwingine, mdomo wazi.

Wiki haikuisha akaanza kuniita mama. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemkataza, maana hapakuwa na cha kukataza. Kwetu mdogo wa mama yako ni mama yako. Tunamwita mama mdogo pale tu inapobidi kumtofautisha, na huo udogo ni wa umri. Si kwamba umama wenyewe umepunguzwa kipimo. Yeye hakuona haja ya kutofautisha, kwa kuwa aliyekuwepo ni mmoja. Muda si mrefu sokoni nikaanza kuitwa kwa jina lake: Mama Fulani, na huyo Fulani ni yeye. Wanawake wenzangu wote walikuwa wameshapata majina hayo. Mimi nilikuwa nimeitwa "dada wa viatu" mpaka nywele zinaanza kubadilika rangi. Siku ya kwanza niliposikia mtu ananiita kwa sauti kutoka kwenye mabanda ya nyanya, "Mama Fulani, una chenji?" sikugeuka. Akaita tena. Nikageuka, na nikamkopesha hata chenji ambayo sikuwa nayo.

Msichana akakua. Alikuwa mtoto wa kunyamaza na kupanga. Viatu alivipanga kuliko mimi, vyeusi kwa vyeusi, soli kwa soli, na akiona mguu umekosa mwenzake hakuutupa, aliutundika kwenye msumari akisema huenda mwenzake akaja na belo lijalo. Hakuja hata mmoja, lakini ule msumari ulikuwa wake na sikuuingilia. Alipofika darasa la saba akafaulu, akachaguliwa sekondari ya bweni. Shuleni kwao waliochaguliwa hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Nililia pale pale kwenye ubao wa matangazo, nikajifanya ni vumbi. Dodoma ni mji mzuri kwa jambo hilo, vumbi halikosekani.

Kisha nikasoma fomu ya kujiunga. Ada, michango, godoro, tranka, ndoo mbili, jembe lenye mpini, reki. Zamani serikali ilikuwa inachukua mtoto ikakurudishia mtumishi. Sasa tulikuwa tunaambiwa kuchangia, na neno hilo lina ujanja wake, maana anayechangia unadhani kuna mwingine anayetoa sehemu kubwa. Nikahesabu viatu vyote nilivyokuwa navyo, miguu na jozi. Hata ningeuza na turubai, tusingefika. Na fomu ilisema asiyeripoti kwa siku iliyoandikwa, nafasi yake anapewa mwingine.

Lakini lilikuwepo tumaini, na tumaini hilo nililitegemea kama mtu anavyotegemea ukuta. Palikuwa na mradi, ofisi yake iko Ipagala, uliokuwa unalipia sekondari watoto yatima wa mkoa mzima, kuanzia Kondoa mpaka mabondeni Bahi. Miezi kadhaa kabla, kijana wao wa kuandikisha alikuwa amepita sokoni na mafomu. Alinikuta nimeshika brashi na kiatu, akaniuliza maswali nikiwa napiga rangi.

"Mama mzazi wa mtoto yuko hai?"

"Hapana."

"Baba mzazi?"

"Hapana."

"Mama mkubwa yupo?"

"Hapana. Dada yangu ndiye alikuwa wa kwanza."

"Mama mdogo?"

"Yupo," nikasema, nikanyoosha mgongo. "Ndiye huyu anayekupaka vumbi la rangi."

Akaandika. Akauliza baba wakubwa na baba wadogo, nikamwambia wadogo wapo Kondoa, wana watoto wao na matatizo yao. Akaandika hayo nayo, yale yaliyoandikika. Niliona ni fomu ya watu wenye busara, inayotaka kujua mtoto ana nani. Sikujua kwamba kuna mahali duniani ambapo kuwa na mtu ni kosa.

Majina yalibandikwa nje ya ofisi ya kata. Nilisoma kutoka juu mpaka chini, nikasoma tena kutoka chini mpaka juu. Hakuwemo. Na orodha yenyewe ilikuwa fupi ajabu. Miaka ile kila mtaa ulikuwa na nyumba yenye watoto wa marehemu, na hapa mkoa mzima ulikuwa umeenea kwenye karatasi moja, na chini nafasi imebaki. Msichana alikuwa kando yangu, ananitazama midomo.

"Mama, nimo?"

"Wamekosea," nikamwambia. "Karatasi nyingine haijabandikwa."

Kesho yake nilikwenda Ipagala peke yangu. Bahati yangu, karani wa kompyuta pale alikuwa mteja wangu. Alikuwa mtu wa makamo kama mimi, zamani mpiga chapa wizarani, akapunguzwa, akajifunza kompyuta kwa pesa za kiinua mgongo wakati wenzake wananunua mashine za kusaga. Alivaa namba kumi na moja, na mtu wa namba kumi na moja hawezi kugombana na muuza viatu.

"Mama, karibu," akasema. "Umeniletea zile za kahawia?"

"Nimekuletea malalamiko. Viatu baadaye."

Nikamweleza. Akatafuta jina la msichana, akalipata mara moja. Alikuwemo ndani ya mashine, mzima kabisa. Ni kwenye karatasi tu ndiko alikokosekana. Karani akageuza kioo kidogo upande wangu, akanionyesha. Kila mtoto alikuwa mstari mmoja unaokwenda kulia, na kila swali la fomu lilikuwa safu moja inayoshuka chini. Juu ya kila safu kuna jina lake, herufi kubwa, bila nafasi katikati, na jina halikuruhusiwa kuzidi herufi kumi, kwa kuwa programu yenyewe ilikuwa bahili kuliko mimi. MAMAMZAZI. MAMAMDOGO. MAMAMKUBWA alijaa herufi kumi kamili, kama mguu ulioingizwa kiatuni kwa kijiko. Na akina baba vivyo hivyo. Chini yao zilishuka herufi mbili tu, N kwa ndiyo na H kwa hapana, mpaka mwisho wa kioo.

"Safu ziko nyingi," akasema. "Huwezi kuzitaja moja moja, utazeeka hapa. Kwa hiyo unaiambia mashine mwanzo wa jina, halafu unaweka nyota." Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: MAMA, kisha alama ya nyota. "Hii maana yake, niletee kila safu ambayo jina lake linaanza na MAMA, mwisho wake uwe wowote."

"Nyota ni kama kusema na wengineo."

"Hasa. Mkuu aliniambia, toa safu zote za mama na safu zote za baba. Mtoto mwenye N hata moja, huyo ana mzazi. Muondoe."

Nikatazama kioo. Kwenye mstari wa msichana wangu, MAMAMZAZI palikuwa na H. MAMAMDOGO palikuwa na N. Hiyo N ilikuwa mimi, na brashi yangu mkononi.

"Safu zote za mama," nikasema.

"Zote."

"Na wewe ukazitoa zote."

"Mama, mimi nilishapunguzwa kazi mara moja. Nikiambiwa zote, natoa zote."

"Wewe mama mdogo unaye?"

"Ninao watatu. Mmoja mkali."

"Basi na wewe si yatima."

Hakucheka. Akashika kipanya, akakiachia. "Mama yangu alifariki nikiwa jandoni," akasema. "Niliporudi nikaambiwa mama yako ni huyu sasa. Nikamwamkia, maisha yakaendelea. Kusema kweli, siku naandika ile nyota, sikuona kama kuna kosa. Kwangu wote ni mama."

Ndipo nikaelewa ufupi wa ile orodha. Uwanda wetu huu unaweza kukosa mvua, ukakosa mtama na hata majani ya mbuzi, lakini mama mdogo? Huyo hakosekani. Waliobaki kwenye karatasi ni wale ambao hata mama mdogo mkorofi hawana, watoto ambao ukoo mzima umekwisha kama moto uliomwagiwa maji. Wengine wote walikuwa wameondolewa na sisi.

"Sasa si uandike upya?"

"Kuandika ni dakika. Ruhusa ndiyo safari. Njoo kesho mkuu atakuwepo. Uje na mtoto, atataka kumwona."

Mkuu alikuwa mtu mstaarabu, na hilo lilinipa tabu, maana nimezoea kubishana na wakorofi. Alisimama kutupokea. Msichana akaamkia, "Shikamoo," akapokelewa vizuri, akaambiwa akae. Alivaa sare yake ya shule ya msingi iliyokuwa imembana mabega. Nilikuwa nimemwambia tunakwenda kurekebisha jina tu.

"Karibu sana mama," mkuu akasema. "Huyu ndiye binti yako?"

Swali la kwanza kabisa, na tayari nimekwama.

"Ni mtoto wa dada yangu, marehemu," nikasema. "Mimi ni mama mdogo. Karani wako ataeleza, mashine imechukua mama wadogo ikawahesabu kuwa wazazi."

"Ameshanieleza. Lakini unaishi naye?"

"Tangu hajui kufunga kifungo."

"Unamlisha, unamsomesha?"

"Si ndiyo kazi ya mtu mwenye mtoto?" Hilo neno likanitoka kabla sijalipima.

Akatikisa kichwa taratibu, kisha akamgeukia msichana. "Binti, huyu ni nani wako?"

Msichana akasimama kama alivyofundishwa shuleni, mikono nyuma. "Ni mama."

Mkuu akafungua viganja vyake juu ya meza. "Mnaona ugumu wangu? Wafadhili huwa wanapita mashuleni kukagua. Wakimuuliza mtoto, akawajibu hivi, wataniambia nimeandika watoto wenye mama zao. Wenzetu hawa ukisema mama, ni mama."

Nikaanza kwa bei ya juu, kama kawaida. "Baba," nikamwambia, "wewe mdogo wake mama yako unamwitaje?"

Akatabasamu. "Namwita mama."

"Haya, umejijibu."

"Lakini mimi siombi ada."

Nikajua nimekutana na mwenzangu. Nikajaribu barua ya mtendaji, akasema anayo, haimtoshi. Nikajaribu kumwambia tutakwenda Kondoa tumletee shahidi wa maziko, akasema hana shaka na maziko. Siku ya kuripoti shule ilikuwa inakaribia, yeye alijua, mimi nilijua, na msichana aliyekuwa bado amesimama alijua kuliko sisi.

"Ninachohitaji," mkuu akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, "ni kusikia wazi kwamba mtoto huyu hana mama. Kutoka kwako au kwake. Ili hata nikiulizwa, niwe nimesikia."

Sokoni, kitu ukikitaka sana usikisifie. Unakishika kwa vidole viwili. Unasema soli imechoka, rangi imepauka, sijui kama ninakihitaji. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na viatu ambavyo nimevisema vibaya ndivyo nilivyokuwa navipenda. Kwa hiyo nilijua namna ya kusema. Sikumtazama msichana. Nilitazama kalamu ya mkuu.

"Mimi si mama yake," nikasema. "Mama yake alikufa, amezikwa Kondoa. Mimi ni mdogo wake tu."

Hiyo "tu" sikuwa nimeipanga. Ilikuja yenyewe, kama punguzo la mwisho unalompa mteja aliyekwisha kukugeuzia mgongo. Ningeweza kusema mimi ni mdogo wake, na mkuu angeridhika. Neno lenyewe lina herufi mbili.

"Ni kweli, binti?"

Msichana akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyotazama kiatu anapokigeuza chini, kuona soli, kuona kilikotembea. Alikuwa anajua habari za mama yake tangu zamani, kaburini tulikwenda naye, sikuwahi kumficha. Lakini kujua ni jambo moja, na kuombwa kulisema mbele ya meza ya mtu ni jambo jingine.

"Ndiyo," akasema. "Ni mama mdogo."

Mkuu akaita karani. "Zoezi lirudiwe. Safu za wazazi peke yake." Tukahamia chumba cha kompyuta. Karani akakaa, akaandika MAMAM, akasimama kidogo, akaongeza Z, kisha nyota, na kwa akina baba vivyo hivyo.

"Mbona huandiki neno zima?" nikamuuliza. Nilihitaji kuuliza kitu.

"Uvivu, mama," akasema. Kisha akamtazama msichana, akanitazama mimi, akajisahihisha: "Uvivu, dada."

Alikusudia wema. Najua alikusudia wema.

Printa ikaanza kulia, lile karatasi refu lenye matundu pembeni likawa linatoka na kujikunja sakafuni. Watoto walikuwa wanarudi. Wa Kondoa, wa Bahi, wa mjini, majina juu ya majina, mpaka karani akalazimika kusogeza kiti. Nilifurahi, sitasema uongo. Wanawake wangapi mkoa huu wangeisoma orodha hii wiki ijayo, wakalia wakasingizia vumbi. Nikalitafuta jina la msichana wangu, nikalipata. Nikalitafuta mara ya pili, lipo. Mbele yake MAMAMZAZI, H. BABAMZAZI, H. Basi. Baada ya hapo mstari ulikuwa umekwisha, karatasi nyeupe. Nikatafuta safu yangu kwa kidole, nikarudia tena kwa kidole kingine. Haikuwamo. Na haikutakiwa kuwamo, ndicho nilichokuwa nimekuja kuomba.

Tulirudi kwa miguu. Enzi hizo kutoka Ipagala hadi kwetu unapita mashamba, vichaka, nyumba mbili tatu, na mtu mwenye mbuzi. Msichana kwa kawaida njiani huwa ananyamaza, kwa hiyo sikuweza kujua kama kunyamaza kwa leo ni kule kule. Nikamnunulia karanga. Akapokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama mdogo."

Nikadhani ni utani. Alikuwa na utani wake mara moja moja, mkavu kama wangu. Nikangoja acheke, akawa anamenya karanga.

Jioni wakati tunachambua mchele nikamwambia, "Tumeshamaliza mambo ya ofisi. Niite kama siku zote."

"Na wakija kukagua?"

"Watakuja shuleni, hawaji hapa. Hapa nani atasikia?"

"Nikizoea hapa, na kule litanitoka," akasema. "Nisije nikajichanganya. Yule baba alisema wakiuliza nikajibu mama, basi."

Alikuwa anarudisha mawe madogo upande mmoja wa ungo na mchele upande wa pili, bila haraka. Nilikuwa nimemlea mimi. Nilikuwa nimemfundisha mimi kwamba jambo halishikwi kwa kubahatisha, linarudiwa mpaka lizoeleke. Nafasi ya shule ilikuwa yake, hofu ya kuipoteza ilikuwa yake, na njia ya kuilinda alikuwa ameipata mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kwenda bombani akawa anaanza siku, "Shikamoo, mama mdogo," wazi, kila herufi mahali pake, kama mtu anayekariri jedwali la kuzidisha. Mwanzoni alikuwa akisema "ma," anasita, kisha anamalizia. Baada ya siku chache akaacha kusita.

Akaenda shule. Mradi ulilipa, na ulilipa mpaka mwisho, sina la kuwadai. Nilimsindikiza kituo cha mabasi na tranka na godoro na zile ndoo mbili, nikavihesabu vikipakiwa na nikavihesabu tena vikiwa juu. Sokoni nikabaki naitwa Mama Fulani kama zamani. Niliitika. Watu wanaita jina lililozoeleka, hawana muda wa kufuatilia limekwisha kubadilika wapi.

Nimelifikiria sana jambo lile, hasa siku ambazo wateja hawapo. Mimi sina cheti cha uzazi chenye jina langu. Sina kadi ya kliniki. Karatasi zote za serikali nilizowahi kujaza, penye idadi ya watoto nimeweka sifuri. Ile kompyuta ya Ipagala, kwa ile nyota ya kwanza ya kizembe, ndicho chombo pekee kilichowahi kunihesabu miongoni mwa akina mama bila kuniuliza swali la pili. Ilitembea kwenye safu zote, ikanikuta, ikaona jina langu linaanza sawasawa na la dada yangu, ikanichukua. Na mimi nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda kwa miguu yangu, nikasema imekosea. Ningekwenda tena. Hata leo, kwa mtoto yule, ningekwenda tena asubuhi na mapema. Ila nisingesema "tu".

Likizo yake ya pili alirudi akiwa mrefu kuliko mimi. Alikuwa ameshakaguliwa, akaniambia. Walikuja watu wawili na gari, wakamuuliza anaishi na nani, akajibu vizuri, wakaandika. Alifurahi alipokuwa ananisimulia. Nikamwambia amefanya vyema. Nilifikiri labda sasa, ukaguzi umepita, ulimi utalegea. Nikangoja siku ile na siku zilizofuata, bila kuomba, maana mteja akijua unangoja amekuweza. Haukulegea. Ulikuwa umeshazoea.

Kabla likizo haijaisha malaria ikampiga. Mchana mmoja joto lilipanda mpaka akawa hanioni. Nilikuwa nimekaa chini kando ya kitanda na beseni na kitambaa, bati linapasuka kwa jua, na yeye anageuka geuka, midomo imekauka. Akaanza kuita. "Mama. Mama." Kila mtu akiumwa huita hivyo. Hata wazee wenye mvi, hata wanaume wazima wakivunjika mguu wanaita mama aliyekufa kabla hatujazaliwa. Sikujua anamwita yupi. Huenda yule wa Kondoa, ambaye alimjua kabla ya kujua maneno. Huenda yule aliyekuwepo hapa nyumbani kabla ya siku ile ya Ipagala. Hakumalizia. Aliacha hapo hapo kwenye mama, akarudia.

"Abee," nikaitika. "Abee, mwanangu. Niko hapa."

Nikaitika kila alipoita. Jasho likaanza kumtoka jua linapoanza kushuka, joto likapungua, akafumbua macho. Nikamwinua kichwa, nikamwekea kikombe mdomoni. Akanywa maji yote, akavuta pumzi, akanitazama vizuri mpaka akanitambua.

"Ahsante, mama mdogo," akasema, akalala tena.